Namna ya Kufuatilia Chanzo cha Uzembe wa Kitabibu, Fani kwa Fani

Mgonjwa anapotoka hospitali akiwa na hali mbaya kuliko aliyoingia nayo, au asipotoka kabisa, ndugu zake huanza kwa kuuliza nani amekosea. Ni swali la haki, lakini likitangulizwa huwafanya wamtafute mtu kabla hawajalijua tukio. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia iliyo katika hali hiyo, kwa wakili anayeshika shauri la aina hii kwa mara ya kwanza, na pia kwa mganga mfawidhi anayetaka kujua hatari imejificha wapi katika hospitali yake. Unaeleza jinsi ya kulisoma tukio kwa kufuata fani iliyohusika, kwa kuwa kila fani ya udaktari ina mahali pake ambapo makosa huzaliwa, na mara nyingi mahali hapo ni katika saa zilizopita bila mtu kutenda, au katika makabidhiano ya mgonjwa kutoka zamu moja kwenda nyingine, hata pale ambapo macho ya wote yameelekezwa kwenye kisu cha daktari.

Tenganisha kwanza mambo matatu

Ugonjwa unaweza kuua hata pale tiba ilipokuwa sahihi kabisa. Tiba sahihi nayo ina madhara yanayojulikana, kama vile kidonda cha upasuaji kuingiwa na vijidudu licha ya tahadhari zote kuchukuliwa. Uzembe ni jambo la tatu, nao una sehemu nne ambazo zote lazima zithibitishwe: kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu kwa mgonjwa huyo, kwamba alishuka chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtu wa taaluma yake, kwamba kushuka huko ndiko kulikosababisha madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo. Watu wengi huelekeza nguvu zao zote kwenye sehemu ya pili, ilhali mashauri mengi huangukia kwenye ya tatu. Daktari aliyechelewa wiki mbili kutambua saratani ambayo tayari ilikuwa imesambaa mwilini anaweza kuwa mzembe kweli, na bado familia ikashindwa, kwa sababu wiki hizo mbili hazikubadilisha mwisho wa safari ya mgonjwa.

Kiwango kinachotumika kupima kazi ya daktari katika mahakama za Kenya, Tanzania na Uganda kinatokana kwa sehemu kubwa na sheria ya Kiingereza. Katika kesi ya Bolam ya mwaka 1957, mahakama ya Uingereza ilisema kwamba daktari si mzembe iwapo alifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi wa fani hiyo, hata kama wapo wengine ambao wangefanya tofauti. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, iliongezwa kwamba utaratibu huo lazima uwe na mantiki, yaani haitoshi kuleta madaktari watatu kizimbani wakasema kwamba nao hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo swali lako halitakuwa kama daktari mwingine angefanya vizuri zaidi. Litakuwa kama daktari yeyote makini wa fani hiyo, akiwa na vifaa vilivyokuwepo, angeweza kufanya kama yule alivyofanya.

Tengeneza jedwali la saa

Kabla ya kwenda kwa wakili au kwenye baraza lolote, chukua karatasi kubwa na uigawe katika safu tano: saa, kilichoonekana kwa mgonjwa, aliyekiona, alichofanya, na saa aliyokifanya. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu umbali kati yake na safu ya kwanza ndio unaoonyesha uzembe ulipo, kama upo.

Jaza jedwali hilo kutoka kwenye kadi ya kliniki, barua ya rufaa, maelezo ya madaktari, chati ya wauguzi yenye joto, mapigo na presha, karatasi ya dawa, maelezo ya upasuaji na karatasi ya mtaalamu wa usingizi. Kisha tumia nyaraka ambazo hospitali haikuziandika. Risiti ya maabara huwa na saa. Ujumbe wa M-Pesa wa kulipia kipimo au damu una saa na dakika, na hauwezi kurekebishwa na mtu wa wodini. Ujumbe ambao mama mkwe alimtumia mwanawe saa nane usiku akisema kwamba mgonjwa anatetemeka na muuguzi ameambiwa, una uzito kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote miaka miwili baadaye. Uhifadhi kwenye simu ileile ulikofikia, usiutume tu kwa wengine na kuufuta.

Unaposoma faili, angalia sehemu zilizo tupu, na angalia pia sehemu zilizojaa kupita kiasi: vipimo vya usiku kucha vilivyoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kila saa kamili, presha ikiwa ileile. Hata hivyo usikimbilie kusema kwamba faili limeghushiwa. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 30 mara nyingi huandika mwishoni mwa zamu yale aliyoyashikilia kichwani, na huo ni udhaifu wa wodi nzima kabla ya kuwa kosa lake binafsi.

Wodi ya wazazi

Nitakaa hapa muda mrefu zaidi kwa sababu hakuna fani ambayo saa zinahesabiwa waziwazi kama uzazi. Mwezi Mei 2011, mama mjamzito alifika katika Hospitali ya Nakaseke nchini Uganda akiwa na uchungu pingamizi, yaani mtoto ameshindwa kupita. Wauguzi walitambua kwamba alihitaji daktari, lakini daktari aliyetakiwa kuwa kazini hakuwepo kwa saa nyingi, na mama huyo akafariki baada ya mfuko wa uzazi kupasuka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Uganda iliihukumu halmashauri ya wilaya kwa kukiuka haki zake na ikaamuru familia ilipwe shilingi za Uganda milioni 35. Tatizo halikuwa kushindwa kutambua ugonjwa, kwa kuwa ulitambuliwa mapema. Kilichokosekana ni mtu wa kutenda baada ya kutambua.

Kwa hiyo, katika shauri la uzazi, waraka wa kwanza kuutafuta ni patografu, chati inayoonyesha jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka. Chati iliyotumika kwa miaka mingi ina mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, ambayo imetenganishwa na saa nne. Uchungu ukivuka mstari wa kwanza, kituo kidogo kinapaswa kufikiria rufaa, na ukivuka wa pili uamuzi wa kitabibu lazima uwe umefanyika. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu ambao umeachana na mistari hiyo, hivyo uliza kwanza kituo kilikuwa kinatumia chati ipi. Katika chati zote, mapigo ya moyo wa mtoto yanapaswa kusikilizwa kila baada ya nusu saa katika hatua ya kwanza ya uchungu na kila baada ya dakika tano mama anaposukuma. Patografu iliyojazwa yote baada ya mtoto kuzaliwa hutambulika kirahisi: mstari wake umenyooka mno.

Uamuzi wa kufanya upasuaji ukishafikiwa, andika saa ya uamuzi na saa ya kuanza kupasua, kisha uliza kilichojaza muda uliopo katikati. Ikiwa ni ukosefu wa damu, mtaalamu wa usingizi aliyekuwa nyumbani, au jenereta isiyo na mafuta, basi uzembe unaweza kuwa wa taasisi hata kama daktari alifanya kila alichoweza.

Damu kutoka kwa wingi baada ya kujifungua ina hila yake. Kipimo cha hatari kilichotumika kwa miaka mingi ni mililita 500 kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, lakini damu hukadiriwa kwa macho, na macho karibu siku zote hupunguza. Katika hospitali zetu nyingi damu huishia kwenye kanga, na kanga huchukuliwa na shangazi kwenda kufuliwa, kwa hiyo ushahidi wa kiasi cha damu huondoka wodini ndani ya beseni. Waulize ndugu waliosaidia ni kanga ngapi zililowa na zilibadilishwa saa ngapi. Uliza pia kama mama alidungwa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 mara tu baada ya mtoto kutoka, na kama dawa hiyo ilikuwa inahifadhiwa kwenye jokofu, kwa sababu hupoteza nguvu kwenye joto. Kwa mama aliyepata kifafa cha mimba, tafuta presha zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki katika mahudhurio ya mwisho, au nafasi tupu ambapo zilitakiwa kuandikwa.

Kuhusu mtoto mwenye mtindio wa ubongo nitoe tahadhari moja. Si kila mtindio wa ubongo hutokana na uchungu uliocheleweshwa. Baadhi hutokana na mambo yaliyotokea mimba ikiwa changa, au na maambukizi, au na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Ili kuunganisha hali hiyo na uzazi, unahitaji alama za Apgar (alama anazopewa mtoto kwa hali yake mara tu anapozaliwa) za dakika ya kwanza, ya tano na ya kumi, maelezo ya kama mtoto alilia, kama alihitaji kusaidiwa kupumua, na kama alipata degedege katika siku zake za kwanza. Bila hayo, sehemu ya usababishi itabaki dhana.

Chumba cha upasuaji

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishwa: aliyekuwa na tatizo la goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Huyo wa pili baadaye alifariki. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, madaktari walifungua fuvu la mgonjwa wakitafuta damu iliyoganda, wasiione, na baada ya saa kadhaa wakagundua kwamba mgonjwa aliyehitaji upasuaji alikuwa mwingine. Daktari mpasuaji alisimamishwa kazi, na madaktari wenzake wakapinga hatua hiyo wakisema kwamba mgonjwa alifikishwa mezani tayari akiwa na utambulisho wa mtu mwingine.

Nadhani madaktari hao walikuwa na hoja, ingawa si hoja inayomwondolea mpasuaji wajibu wote, kwa sababu kuhakikisha aliyelala mezani ni nani ni kazi ya kila aliyemo chumbani. WHO ilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, yenye vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Hospitali nane duniani zilishiriki kuijaribu, mojawapo ikiwa Ifakara nchini Tanzania, na kwa ujumla wake vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa hiyo omba nakala ya orodha hiyo iliyojazwa kwa mgonjwa wako. Ukiambiwa haikujazwa, hilo peke yake halithibitishi uzembe, lakini linaiacha hospitali bila jibu kuhusu mambo mengi.

Kitambaa au kifaa kilichosahaulika tumboni ndilo kosa ambalo mahakama hulielewa haraka kuliko yote, kwa kuwa tukio linajieleza lenyewe na mzigo wa kutoa maelezo huihamia hospitali. Chanzo chake karibu siku zote ni hesabu. Gozi na vifaa huhesabiwa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo na baada ya kufunga, na hesabu huvurugika upasuaji unapokuwa wa dharura, unapobadilika katikati, au wauguzi wanapobadilishana zamu kabla haujaisha. Soma maelezo ya upasuaji uone hesabu iliandikwa na nani na kama aliyehesabu mwishoni ni yule aliyehesabu mwanzoni.

Majeraha ya viungo vya jirani ni magumu zaidi. Mfereji wa nyongo unaweza kukatwa wakati wa kutoa kifuko cha nyongo, na mrija wa mkojo unaweza kufungwa kwa uzi wakati wa kutoa mfuko wa uzazi, na mambo yote mawili humpata hata mpasuaji hodari. Hapo usipoteze nguvu nyingi kwenye dakika ya kukata. Hamia kwenye siku zilizofuata: tumbo lilianza kuvimba lini, mapigo ya moyo yalianza kupanda lini, mkojo ulipungua lini, na nani aliitwa. Mapigo hupanda kabla presha haijashuka, na mgonjwa anayevuja damu ndani kwa ndani kwa kawaida huwa ametoa ishara kwenye chati muda mrefu kabla hajazimia.

Utaalamu wa usingizi

Makosa ya nusu kaputi si mengi kwa idadi, lakini yakitokea huua au huacha ubongo umeharibika ndani ya dakika chache. Bomba la kupumulia likiingia kwenye njia ya chakula badala ya njia ya hewa, na chumba hakina kifaa cha kupima hewa ya kaboni anayoitoa mgonjwa, kosa linaweza lisigundulike hadi midomo ibadilike rangi. Chanzo kingine ni vichupa vya dawa vinavyofanana. Mwaka 2022 WHO ilitahadharisha kuhusu dawa ya kuzuia damu kutoka, asidi ya traneksamiki, kuchomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo badala ya dawa ya ganzi, jambo ambalo huleta degedege na mara nyingi kifo. Basi uliza dawa hizo mbili zilikuwa zinawekwa wapi, na nani aliivuta dawa kwenye bomba la sindano. Uliza vilevile mgonjwa alikula lini mara ya mwisho, kwani utaratibu wa kawaida kwa upasuaji usio wa dharura ni saa sita bila chakula na saa mbili bila maji, na matapishi yakiingia mapafuni mgonjwa aliyelala hawezi kujitetea. Halafu kuna chumba cha kuamkia, ambako mgonjwa aliyetoka salama mezani huachwa peke yake kwa sababu anayefuata tayari ameingizwa.

Mifupa

Hapa nitaonyesha kosa moja tu, kwa kuwa ndilo lenye madhara yanayoepukika kuliko mengine. Kijana amevunjika mkono au mguu, amefungwa P.O.P. (plasta ngumu) iliyozunguka pande zote, na usiku huohuo analalamika kwamba inambana. Anaongezewa dawa ya maumivu. Asubuhi vidole vimevimba, havina hisia, na ukimnyoosha kidole kimoja anapiga kelele. Misuli iliyofungiwa ndani ya uvimbe bila damu huanza kufa baada ya takriban saa sita, na tiba ni kupasua P.O.P. mara moja na, ikibidi, kuupasua utando unaofunika misuli. Maumivu yanayozidi kiasi cha jeraha na yasiyosikia dawa ndiyo ishara ya mapema. Mapigo ya mshipa kwenye kifundo cha mkono au juu ya mguu yanaweza kuwepo hadi dakika za mwisho, kwa hiyo maelezo ya faili yanayosema kwamba mapigo yalikuwepo hayamlindi aliyeyaandika. Katika jedwali lako, andika kila mara mgonjwa alipoomba dawa ya maumivu. Mara tatu ndani ya usiku mmoja, bila mtu kufungua P.O.P., ni shauri linalosimama lenyewe.

Wagonjwa wa nje, dharura na magonjwa ya ndani

Daktari wa upasuaji hukosea kwa kutenda, na daktari wa magonjwa ya ndani hukosea zaidi kwa kutotenda. Kosa lake kubwa ni kutotambua ugonjwa au kuchelewa kuutambua, na kwetu njia kuu ya kosa hilo ina jina linalojulikana na kila mtu, nalo ni malaria. Tangu mwaka 2010 WHO inapendekeza kwamba malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya kutibiwa, lakini bado yupo mgonjwa anayepimwa, jibu likaja hasi, naye akapewa dawa ya malaria na kuambiwa arudi nyumbani. Siku tatu baadaye anarudishwa shingo imekakamaa kwa homa ya uti wa mgongo. Uzembe katika kisa kama hicho hauko kwenye kuandika malaria mara ya kwanza. Uko kwenye kulipuuza jibu ambalo daktari mwenyewe aliliagiza, na kwenye kutomwambia mgonjwa ni dalili zipi zimrudishe haraka.

Maumivu ya kifua huandikwa vidonda vya tumbo, mgonjwa akapewa dawa za kupunguza asidi, na kumbe moyo umeshambuliwa. Kipimo cha umeme wa moyo kinapaswa kufanywa ndani ya dakika kumi tangu mgonjwa mwenye dalili hizo afike, mahali ambapo kifaa kipo. Mtoto anayepumua kwa kasi na kukojoa sana huandikiwa dawa ya nimonia, wakati sukari yake haijapimwa hata mara moja. Katika visa vyote hivi, jina la ugonjwa lililoandikwa na mtu wa kwanza husafiri na mgonjwa kwenye barua ya rufaa, na wanaofuata hulikubali bila kuliuliza tena. Soma barua ya rufaa kwa makini: ikiwa hospitali ya rufaa imenakili maneno ya zahanati bila kumpima mgonjwa upya, imelichukua kosa na kulifanya lake.

Kwa dharura, angalia pia kama mgonjwa alizuiwa mlangoni kwa sababu ya fedha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na muda uliopotea ndugu wakichangishana amana unaingia kwenye jedwali kama muda mwingine wowote.

Watoto

Dozi ya mtoto hutokana na uzito wake, kwa hiyo faili lisilo na kilo za mtoto ni faili linalokiri tatizo. Nukta ikikosewa, mtoto hupata dozi mara kumi. Manjano ya mtoto mchanga yakiachwa kupanda huharibu ubongo na masikio, na familia nyingi huambiwa tu wamwoteshe mtoto jua la asubuhi. Sindano ya tako ikichomwa mahali pasipo pake huumiza mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, na mtoto aliyekuwa akikimbia hubaki akiburuta unyayo. Uliza sindano ilichomwa upande gani, tako au paja, na mguu ulianza kulegea lini. Ukilegea papo hapo, sindano ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Ukilegea baada ya siku kadhaa, kuna magonjwa mengine ya kuyaondoa kabla ya kumshitaki mtu.

Picha, maabara na fani nyingine

Mtaalamu wa picha hukosea kwa kutokuona, lakini kosa lenye madhara zaidi ni lile ambalo ameona, akaandika, na ripoti ikabaki kwenye bahasha. Fuata ripoti ilitoka saa ngapi na nani aliisoma. Katika maabara inayopima vipande vya nyama ya mwili, chupa mbili zikibadilishana lebo, mwanamke mmoja hukatwa titi lenye afya na mwingine hurudi nyumbani na saratani yake. Daktari wa magonjwa ya akili huulizwa zaidi kuhusu tathmini ya hatari ya mgonjwa kujidhuru na kuhusu kumfunga au kumlaza mtu kwa nguvu. Kwa meno, ni jino lisilo lenyewe. Kwa macho, ni lenzi yenye kipimo kisicho chake, au jicho lisilohusika.

Usipime ubora wa fani kwa idadi ya mashitaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kwamba kila mwaka takriban asilimia 19 ya wapasuaji wa ubongo walikabiliwa na dai la fidia, ilhali kwa madaktari wa magonjwa ya akili ilikuwa asilimia 2.6, na kwamba zaidi ya robo tatu ya madai yote hayakuishia kwenye malipo. Tarakimu hizo zinaeleza jinsi madhara ya fani fulani yanavyoonekana na yanavyogharimu, wala hazisemi kwamba mpasuaji wa ubongo ni mzembe kuliko mwenzake.

Ridhaa

Fomu ya ridhaa iliyotiwa saini haitoshi. Katika kesi ya Montgomery ya mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa ushindi mama mwenye kisukari ambaye hakuambiwa kwamba mtoto wake mkubwa angeweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, hatari iliyokadiriwa kuwa asilimia 9 hadi 10 kwa wanawake wenye kisukari. Mahakama ilisema kwamba mgonjwa anapaswa kuelezwa hatari ambayo mtu aliye katika hali yake angeiona kuwa ya maana. Kwa hiyo uliza fomu ilisainiwa wapi, saa ngapi, kwa lugha gani, na nani aliielezea. Mara nyingi utakuta ilisainiwa na kaka wa mgonjwa kwenye korido, mgonjwa mwenyewe akiwa na akili timamu kitandani, na ikielezwa na mtu ambaye hakuwa ndiye mpasuaji.

Nyaraka, maiti na muda wa ukomo

Andika barua kwa mganga mfawidhi au mkurugenzi wa hospitali ukiomba nakala ya faili lote, ukitaja tarehe za kulazwa na namba ya faili, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nchini Kenya, Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata taarifa unazozihitaji ili kulinda haki yako, hata zikiwa mikononi mwa hospitali binafsi. Lugha ya barua iwe ya adabu na isiyo na tuhuma, kwa sababu unaomba nyaraka tu kwa wakati huo.

Mgonjwa akiwa amefariki, uamuzi wa uchunguzi wa maiti lazima ufanywe kabla ya mazishi. Ni jambo zito, hasa kwa Waislamu, ambao kwao kumzika maiti mapema ni wajibu, na simlaumu anayekataa. Lakini ajue kwamba bila uchunguzi huo chanzo cha kifo kitabaki kile kilichoandikwa na hospitali, na kwamba kufukua kaburi baadaye kunahitaji amri ya kisheria.

Malalamiko ya kitaaluma hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara, baraza la Zanzibar kwa upande wa Visiwani, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini Kenya. Kazi kuu ya mabaraza haya ni leseni na nidhamu. Anayetaka fidia na asipate suluhu hana budi kwenda mahakamani. Madai ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu katika Tanzania na Kenya. Ukiishitaki Serikali ya Tanzania unapaswa kutoa notisi ya siku 90 kwanza, na nchini Kenya madai ya namna hii dhidi ya Serikali yana ukomo wa miezi 12 tu, muda ambao familia iliyo kwenye msiba huumaliza kabla haijatulia. Mtoto huongezewa muda hadi afikie utu uzima, ila mafaili hayamsubiri akue.

Mwisho, tafuta shahidi mtaalamu wa fani ileile, na ikiwezekana aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya ngazi ileile, kwa kuwa bingwa wa hospitali ya taifa anayeeleza angefanya nini kwa kutumia siti skani hamsaidii mtu aliyetibiwa kwenye kituo cha afya kisicho na eksirei. Mpe faili zima na jedwali lako la saa, usimpe muhtasari wa malalamiko, na umwombe akuandikie mambo mawili kando kando: ni saa ipi daktari makini angekuwa amechukua hatua, na kama hatua hiyo ingechukuliwa saa ile, mgonjwa angekuwa wapi leo. Akisema kwamba la pili hawezi kulijibu, mwamini, na umuulize ni kipimo au waraka gani ungemwezesha.